KARANI NA MAJIRANI WA BONDENI



Katika wilaya za Rufiji na Kibiti karani hakai mezani siku nyingi bila kuletewa shauri la ng'ombe na shamba. Mkulima aja na mabua yaliyotafunwa, mfugaji aja na habari ya ng'ombe aliyekatwa panga, na kila mmoja asema mwenziwe ni mtu mbaya. Twaona si vema karani naye aandike hivyo hivyo. Magomvi mengi ya watu wa asili mbalimbali hutokana na kutojua desturi ya jirani. Na kuijua yatupasa sisi kwanza, maana sisi ndio twaandikao.

Natutazame jambo lenyewe. Mrufiji na Mndengereko hulima bondeni mara mbili. Mpunga hupandwa mvua zianzapo, ukangoja maji ya mto. Maji yakipwa, mnamo Mei au Juni, ardhi iliyo mbichi hupandwa mahindi, kunde na maboga. Kilimo hicho huitwa mlao. Msimu wa kazi jamaa nzima huhamia shambani na kukaa katika dungu, nyumba iliyoinuliwa juu ya miti, wakilinda mimea na ndege na nguruwe. Kwa Msukuma, mavuno yakiisha, mifugo huachwa ikale mabua, wala si kosa. Basi afikapo Rufiji wakati wa kiangazi, aona mpunga umekwisha kukatwa, asema shamba limekwisha. Mwenyewe asema ndiyo kwanza laanza. Wote wawili wasema kweli kwa desturi za kwao.

Tena tukumbuke walivyokutana. Zamani ng'ombe walikuwa haba Rufiji kwa ajili ya mbung'o, na wenyeji hawakuzoea kuishi na wachungaji. Wafugaji walipoondolewa Usangu, miaka ya 2006 na 2007, Wasukuma, Wamang'ati na wengine waliingia Rufiji na makundi yao kwa muda mfupi. Ujirani uliokuja kwa amri wahitaji mtu wa kuufasiri.

Wenye kalamu walikwisha kukosea huku zamani. Baada ya gharika ya mwaka 1968 ilifanywa Operesheni Rufiji, watu wakatolewa bondeni wakapelekwa vijiji vya juu. Kweli gharika ni hatari, kama ile ya Aprili 2024 ilivyoharibu mashamba ya Rufiji na Kibiti. Lakini maji hayo hayo ndiyo yaletayo rutuba. Mashamba yalibaki bondeni, na wenyewe wakawa hawana budi kuyafuata kwa mwendo mrefu.

Wako watakaosema, sheria ni moja, aliyelisha shamba na alipe. Twakubali. Hasara yapasa ilipwe, na kumkata ng'ombe wa mtu ni kosa vilevile. Lakini faini isiyo na maelezo huzaa chuki, na mwakani shauri hurudi lile lile.

Kwa hiyo twatoa shauri. Maneno kama "mvamizi" au "mvivu" yasiingie katika jalada. Yaandikwe yaliyotendeka tu. Wazee wa pande zote mbili waitwe kabla ya kiangazi, na mipaka ya mlao na njia za ng'ombe kwenda mtoni itajwe mbele yao kwa lugha wanayoifahamu vema. Msukuma anayo ngitili, malisho yatengwayo yasiguswe hata wakati wake ufike. Akiambiwa kwamba mlao nao una wakati wake kama ngitili, hatahitaji hotuba ndefu.

Chama cha Watumishi wa Serikali Waafrika kilipoanzishwa Tanga mwaka 1922 na Martin Kayamba na wenziwe, kiliwaweka Waislamu na Wakristo, watu wa makabila mengi, katika baraza moja. Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hatapona asipojua mgeni ana nini, wala mgeni hatakaa kwa salama asipojua mwenyeji ana nini. Karani akae kati yao awafahamishe.