Jiko Lako, Mikono Yako

Hapa Namanyere, jiko la mkaa likipata ufa, mwenye nyumba husema, "Hiyo ni kazi ya fundi." Mimi napinga. Kauli hiyo haitufai sisi watu wa Ufipa. Wazee wetu walijenga malungu kwa udongo wa kichuguu: tanuri za kuyeyushia chuma, zenye kimo cha karibu mita 3, zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto. Leo wajukuu wao tunashindwa na ufa wa jiko?

Kazi yenyewe ni ndogo. Jiko likishapoa, kwangua udongo uliolegea, lowesha ufa, kandika udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu, kisha uache ukauke kivulini siku kadhaa. Kila asubuhi mwaga majivu na kuzibua matundu. Hewa ikikosekana, mkaa hauungui sawasawa: joto hupungua, na ile sumu iitwayo kaboni monoksaidi huongezeka.

Hapo ndipo uzembe unapoua. Juni na Julai, baridi ikizidi, watu huingiza jiko chumbani, wakafunga mlango na dirisha. Sumu ile haina rangi wala harufu. Aliyelala aweza asiamke. Wala usidanganyike: hata jiko zima huua katika chumba kilichofungwa. Mahali pake ni nje.

Fundi hatakuja usiku kukutolea jiko chumbani. Anayezoea kusema "si kazi yangu" asubuhi, usiku atamwachia nani?