Mbao ngumu: Gharama ya kibali si hasara

Mnunuzi wa Marekani anayejenga baraza ya nje huipenda mbao ya ipe kutoka Brazil kwa sababu ni ya kudumu. Ni nzito kiasi cha kuzama majini, mchwa hawaiwezi, na fundi asipoitoboa kwanza kwa drili, skrubu hukatika. Jijini New York ilitandikwa hata kwenye njia ya ufukweni ya Coney Island.

Soko hilo sasa lina sharti jipya. Mkutano wa mkataba wa CITES uliofanyika Panama Novemba 2022 uliiingiza ipe katika Orodha ya Pili, na sharti likaanza kutumika Novemba 25, 2024. Msafirishaji lazima awe na kibali kinachothibitisha kuwa uvunaji ni halali na hauhatarishi mti huo.

Wapo wafanyabiashara wanaolalamika kwamba makaratasi yanapandisha gharama. Lalamiko hilo halina uzito. Miti ya ipe husimama mmoja mmoja, mbalimbali, na hukua polepole. Bila kibali, mvunaji halali hushindana na mwizi asiyelipa ushuru.

Mkutano huo huo uliorodhesha pia mikongo na mininga ya Afrika. Wauzaji wa Tanzania na Msumbiji wasingoje shehena zikamatwe bandarini. Mwenye vibali kamili ndiye atakayebaki na wateja. Mnunuzi asiyeimudu bei hiyo atafute mbao za mitiki ya kupandwa.