Mwalimu wa Zeze Halipwi kwa Soda



Leo naomba niiache kidogo Katiba Mpya na Tume Huru, maana hayo tunayaandika kila wiki. Nataka kuongelea zeze. Najua kuna watakaocheka. Chekeni, ila msome mpaka mwisho.

Juni mwaka jana nilijitolea kwenye darasa la muziki la likizo hapa Geita. Lilikuwa la wiki mbili: ukumbi wa kuazima, viti vya plastiki, kinanda kimoja, na watoto wa shule za kata waliokuwa wanaongezeka kila siku. Walimu walikuwa wanne. Mzee mpiga zeze alitoka vijijini upande wa Shinyanga. Mama mmoja wa kwaya alifundisha sauti na solfa. Wa tatu alikuwa mpiga ngoma wa kikundi cha mbina, na wa nne kijana wa gitaa ambaye siku nyingine anashinda karasha akisaga mawe ya wachimbaji wadogo.

Mzee hakuwa na kitabu wala ubao. Alikuwa anamwambia mtoto: kwanza sikiliza, halafu imba, ukishaweza kuimba ndiyo nikupe upinde. Siku ya nne watoto walianza kupata wenyewe. Mimi nilizaliwa hapa hapa na nimecheza ngoma tangu nikiwa mdogo, lakini sikuwahi kuona mtu akifundishwa zeze kwa utaratibu. Siku zote niliona linapigwa tu, kana kwamba mpigaji alizaliwa nalo.

Siku ya kufunga alikuja mgeni rasmi na msafara wake. Hotuba ilikuwa ndefu: utamaduni ni roho ya taifa, vijana wajiajiri kupitia sanaa, na kadhalika. Waliokuja na mgeni walisaini karatasi ya posho, dereva naye akiwemo. Walimu wanne walipewa soda na fulana. Basi.

Nilimsindikiza mzee stendi. Njiani aliniambia taratibu, bila hasira, "Mjukuu wangu, mwakani mniambie mapema nivune kwanza pamba yangu." Kumbe Juni ni msimu wa pamba, na yeye aliacha shamba wiki mbili nzima kuja kuwafundisha watoto wetu. Mwaka huu tulipompigia simu, alijibu kwamba hawezi kuja. Darasa likifunguliwa tutakuwa na kinanda, gitaa na ngoma. Zeze halitakuwepo.

Sasa tuseme ukweli. Kwetu Usukumani ala hazijawahi kuwa tatizo. Kibuyu kipo, ngozi ipo, mti upo. Vikundi vya Bagika na Bagalu vimeshindana vizazi na vizazi baada ya mavuno. Kule Bujora, Kisesa, kwenye kituo alichoanzisha Padri David Clement miaka ya 1950, sikukuu ya Bulabo bado inakusanya watu kila Juni. Mtafiti wa Marekani, Frank Gunderson, mwaka 2010 alichapisha kitabu kinene chenye mamia ya nyimbo za kazi za Wasukuma. Kwa hiyo nyimbo hazikosekani. Anayekosekana ni mtu wa kukaa na mtoto wiki mbili, amrekebishe vidole, na arudi nyumbani kwake akiwa na hela ya unga.

Wengi wa wanamuziki wetu walisomeshwa na kanisa. Nawashukuru sana walimu wa kwaya, wabeja. Ila mtoto ambaye haimbi kwaya aende wapi? Chuo cha Sanaa kiko Bagamoyo tangu 1981, leo kinaitwa TaSUBa, na kutoka Geita ni zaidi ya kilomita 1,000. Mtaala mpya ulioanza 2024 umetoa nafasi kwa sanaa na michezo shule za msingi. Vizuri. Lakini ingia shule yoyote ya kata uulize nani anajua kupiga ala yoyote. Mara nyingi anayejua yuko kijijini, na hana cheti.

Kuna watakaosema, "Zahanati haina dawa, wewe unaleta habari za zeze?" Swali ni halali, na jibu langu ni hesabu. Walimu wanne, siku 12, kila mmoja shilingi 30,000 kwa siku, jumla ni shilingi 1,440,000. Sheria inaipa halmashauri ushuru wa huduma, asilimia ndogo ya mauzo ya mgodi. Ushuru huo ukiwa asilimia 0.3, mauzo ya milioni 480 tu yanatosha kulipa darasa zima. Hiyo ni dhahabu kidogo sana, na mgodi wa Geita unatoa zaidi ya tani 10 kwa mwaka. Bado sijagusa fedha za uwajibikaji kwa jamii, ambazo tangu marekebisho ya sheria ya madini ya 2017 mgodi unatakiwa kuzipanga kila mwaka kwa kukubaliana na halmashauri. Hatumnyang'anyi mgonjwa dawa yake. Tunaomba kidogo tu.

Wengine watasema kuna mikopo: asilimia 10 ya halmashauri na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa. Jamani, mkopo unarudishwa. Mzee anayefundisha watoto wasiolipa ada atarejesha kwa kuuza nini? Mkopo unamfaa mwenye studio au mwenye kukodisha spika. Mwalimu anahitaji malipo ya kazi yake.

Wala hili si jambo geni nchini. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi yake. Nchi ilikuwa maskini kuliko leo, lakini kupiga muziki ilihesabiwa kuwa kazi.

Na tusikimbilie kwa wafadhili tukadhani tumemaliza. Zanzibar wana chuo cha muziki cha DCMA, ambacho tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kimefundisha taarabu, ngoma na ala kwa maelfu ya watu. Fedha za wafadhili zilipokauka, mwaka 2019 chuo hicho chenye sifa kubwa kilikuwa hatarini kufungwa. Kama wao waliyumba, darasa letu la viti vya plastiki litasimama kwa miujiza gani? Sisi tuna dhahabu chini ya miguu.

Nimeisema serikali, sasa nitusema na sisi. Ni mara ngapi chama chetu kimeita kikundi cha ngoma kupokea viongozi, wakacheza juani saa tatu, kisha wakaambiwa "mapambano yanaendelea"? Nimekuwepo. Mimi mwenyewe nimewahi kugawa hizo soda. Hatuwezi kupigania mshahara wa haki kwa mchimbaji huku mpiga ngoma tunamlipa kwa makofi.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. La kwanza, kila tawi letu Geita, Kahama na Shinyanga liweke kima cha malipo kwa kikundi chochote kinachoitwa mkutanoni, na hela itolewe siku ileile. La pili, vijana tuhudhurie mikutano mikuu ya mitaa na vijiji kabla bajeti hazijafungwa, na tudai yaandikwe maneno haya: malipo ya walimu wa muziki, darasa la likizo. Neno "utamaduni" peke yake lisitutoshe, maana hilo huishia kwenye mapambo ya ukumbi.

Mimi nimeanza. Wenzangu watano tumechanga, na Jumamosi nitapanda basi kwenda kwa mzee, kwanza kumsaidia kuvuna, kisha kumuuliza kama Desemba atakuja, kwa malipo. Anayetaka kuungana nami aje na kiroba cha kuokotea pamba.