Kopo lililobonyezwa kitako

Somo la kwanza la Dominika hii ya 25 ya Mwaka C, Amosi 8:4-7, unaweza kulisoma katikati ya soko la Sikonge na watu wakadhani nabii amepita hapo jana. Anawasema wafanyabiashara wanaoona Sabato inachelewa kuisha. Wana hila, zikiwamo kupunguza kipimo, kuongeza bei, na kuwauzia maskini makapi ya ngano kana kwamba ni ngano.

Majuzi mama mmoja wa jumuiya yetu aliniwekea mezani makopo mawili ya nyanya ya kampuni moja. La zamani anawekea chumvi, la pili amelinunua wiki hiyo. Jipya lilikuwa fupi kwa upana wa kidole, na bei imepanda. “Baba Padri,” akasema, “zamani kijiko kimoja kilitosha sufuria. Sasa natia vitatu na mchuzi bado mweupe.”

Tuwe wakweli: si kila bei inayopanda ina mwizi nyuma yake. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha mafuta ya alizeti duniani, Indonesia ikazuia mawese yake kutoka nje kwa wiki kadhaa, na sisi tunaoagiza sehemu kubwa ya mafuta ya kula tukaumia. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Nino zilikwamisha uvunaji wa miwa. Serikali ikatangaza bei elekezi ya sukari, lakini mahali pengi kilo iliuzwa zaidi ya shilingi 4,000. Mwenye duka wa Sikonge hakuileta mvua ile. Naye hununua Tabora, hulipa usafiri, na ana watoto wa shule.

Lakini kipimo ni jambo jingine. Bei huweza kutoka mbali. Kipimo kiko mkononi mwa mtu aliye mbele yako. Kopo la kupimia maharage likibonyezwa kitako hadi likaingia ndani, halikubonyezwa na vita. Mafuta ya kupima yakichanganywa na ya jana yaliyokaangia, El Nino haimo. Mfanyabiashara mmoja, Mkristo mwenzetu, aliniambia waziwazi nje ya kanisa: “Nikipandisha bei wananikimbia, nikipunguza kopo hawaoni.” Nilimwambia hapo ndipo penye dhambi, katika hilo neno “hawaoni”. Anayepandisha bei hadharani amemwachia mteja nafasi ya kukataa. Anayebonyeza kopo amemnyima hata hiyo.

Nchi hii ya Unyamwezi inalijua jambo hili tangu enzi za misafara. Mpagazi alipimiwa posho yake, kibaba cha nafaka kwa siku, na kibaba kikipunjwa alikuwa anabeba mzigo ule ule kwa tumbo nusu. Nasi watu wa tumbaku, nani hajui uchungu wa kushushiwa daraja?

Injili ya leo, Luka 16:1-13, nayo ina mafuta na ngano. Wakili anawaita wadeni na kuwapunguzia hati zao. Wapo wafafanuzi wanaosema alikata faida yake mwenyewe. Mimi naona maelezo hayo yana nguvu, ingawa hayamalizi ugumu wa mfano wenyewe. Walau wakili huyo alipobanwa alipunguza deni la mtu, hakupunguza chakula chake.

Tufanye nini nyumbani? Soma uzito ulioandikwa, usiutazame ukubwa wa kopo. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Kopo lililovimba usilinunue hata kwa nusu bei, na usidhani kuchemsha kutaliponya. Lirudishe dukani, na mwenye duka akikaidi, tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS. Kipimo kikikutia shaka, wapo Wakala wa Vipimo. Kwenda kushitaki si kukosa upendo.

Akina mama wa jumuiya ile wamechagua njia yao. Wanachangishana, mmoja anapanda basi hadi Tabora, analeta mafuta dumu la lita 20 na kilo kadhaa za maharage, wanagawana barazani. Wamenunua mizani ndogo, na wamekubaliana kila mara apime mwingine.

Jumamosi iliyopita niliwasifu sana. Nilipokwisha, bibi mmoja aliyekuwa kimya muda wote akainua mkono. “Baba, na sisi tunapokwenda kijijini kununua mahindi, debe tunalijaza mpaka linaota kilima, na mkulima hana la kusema. Hilo nalo Amosi amelitaja?”

Barazani pakawa kimya. Mwenyekiti akasema tufunge kwa sala, na swali la bibi liwe la kwanza Jumamosi ijayo.