Anayekata karata mwenyewe hadanganywi nazo

Vijana wa Songea wanaotaka kujichapia karata za taroti nyumbani, zile za picha ambazo wengine huzipigia ramli, waachwe wachape. Nasema hivi nikiwa na stesheneri ndogo hapa Mfaranyaki, nikiwa Mkatoliki wa kusali kila Jumapili, na nikijua vizuri jinsi picha hizo zinavyowashtua majirani zangu. Wapo walionijia dukani kunionya kwamba nikizipitisha kwenye mashine yangu nitakuwa nimeukaribisha ushirikina mtaani. Nawaheshimu, ila hapo hatukubaliani.

Hofu yao ina sababu. Nchi hii imezika watu kwa ajili ya ramli. Vikongwe wameuawa kwa kutajwa kuwa wachawi, kosa lao macho mekundu. Ndugu zetu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa sababu mganga kamwambia mtu kwamba humo mna utajiri. Ndiyo maana Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli, nami naiunga mkono marufuku hiyo bila kusita. Anayemwambia mama aliyefiwa kwamba mwanawe kalogwa na jirani ni mchonganishi, awe ametazama mchanga, kioo, kitabu au karata. Akamatwe.

Lakini karata zenyewe zina historia yake, na anayeijua hatishiki. Ulaya ilizipata karne ya 14 kutoka Misri ya Wamameluki, zikiwa na alama nne: vikombe, sarafu, panga na fimbo za polo. Wareno ndio waliotuachia kopa, uru, shupaza na pau tunazozitupa mezani kila jioni. Kwao ni vikombe, dhahabu, panga na marungu. Taroti ni ndugu wa karata hizo hizo. Ilizaliwa kaskazini mwa Italia karne ya 15, watu walipoongeza karata za picha juu ya zile za kawaida ili ziwe turufu. Zote pamoja ni 78: 56 za aina nne, na 22 za picha. Watawala wa Milano walichorewa za kwao kwa mkono, zikapakwa dhahabu. Ulikuwa mchezo, na Wafaransa wanaucheza hadi leo.

Kuzipigia ramli kulikuja baadaye sana. Mwaka 1781, mjini Paris, Antoine Court de Gébelin aliandika kwamba taroti ni kitabu cha siri cha makuhani wa Misri ya kale. Ushahidi hakuwa nao. Maandishi ya Misri ya kale hayakuwa yamesomwa na mtu yeyote wa zama zake. Champollion aliyafumbua mwaka 1822. Mwaka 1785 mwenzake aliyejiita Etteilla akatoa kitabu cha kufundisha utabiri kwa taroti, na biashara ikashika. Kwa hiyo tunachokiogopa kama siri ya kale ni bidhaa iliyobuniwa na watu tunaowajua kwa majina, na miaka yao tunayo.

Sasa niseme nilichokiona kwa macho yangu. Binti mmoja wa hapa mtaani alikuja dukani na flashi.

"Shikamoo mama. Naomba kuprinti karata zangu, nimezichora mwenyewe."

"Marahaba mwanangu. Hebu tuone."

Penye vikombe alikuwa amechora mahindi ya Songea. Penye sarafu, kahawa ya Mbinga. Penye panga, samaki mbasa wa Ziwa Nyasa. Penye marungu, korosho za Tunduru. Kwenye karata ya Jua, jua lake lilikuwa linachomoza juu ya milima ya Matogoro. Tulizipanga tisa kwa kila karatasi ya A4, kila moja milimita 63 kwa 88 kama karata za kawaida, na zote 78 zikaenea kwenye karatasi tisa. Nikamshauri tutumie mashine ya leza, kwa sababu wino wa maji huchuruzika ukikutana na unyevu. Mgongoni aliweka nakshi ya kitenge isiyo na fremu, na hapo alifikiri vizuri. Ukichapa pande mbili, karatasi huhama milimita moja au mbili, na fremu ikienda upande, karata hiyo itatambulika hata ikiwa imelala kifudifudi. Alikata kwa kisu na rula ya chuma, pembe akazizungusha kwa kufuata ukingo wa sarafu. Awali alitaka kupitisha karatasi nzima kwenye lamineshini ndipo akate. Nikamzuia. Plastiki ikikatwa sawasawa na karatasi, kingo hufunguka, na unyevu wa mvua zetu za Desemba hadi Aprili hupenya ndani. Kata kwanza, laminisha, kisha acha ukingo mwembamba wa plastiki kuzunguka kila karata.

Baada ya muda alirudi na jambo. Karata yake ya Mnara, moja ya zile za picha ambayo watabiri huisoma kama balaa, ilikuwa inajitokeza mno. Kila mtu akikata rundo, Mnara. Tukailaza juu ya kaunta, tukaona imejikunja kidogo, imepigwa na joto la lamineshini kupita kiasi. Karata iliyojikunja huacha mwanya ndani ya rundo, na vidole vya anayekata huangukia pale pale kwenye mwanya. Tukachapa nyingine, na Mnara ukaacha kujitokeza.

Fikirieni karata hiyo ikiwa mikononi mwa mpiga ramli, na mbele yake ameketi mtu mwenye mgonjwa nyumbani. Mnara umetoka mara tatu! Hapo atadaiwa mbuzi, na kabla ya jua kuzama jirani atakuwa ametajwa. Binti huyu hauziwi habari hiyo, kwa sababu kila karata anaijua kuanzia faili hadi ukingo wa plastiki. Kwangu mimi, saa moja ya kisu na rula imemkinga kuliko makemeo ya mwaka mzima.

Wengine hawachori, wanapakua tu. Picha wanazozipata mara nyingi ni za mwaka 1909, zilizochorwa London na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite. Michoro ya awali imeshatoka kwenye hakimiliki ya Uingereza, ila matoleo yaliyopakwa rangi upya yana wenyewe, kwa hiyo tusiyaibe. Zaidi ya hapo, someni maisha ya mama huyo. Sehemu ya utoto wake aliishi Jamaika, na mwaka 1899 alichapisha kitabu cha ngano za Anansi, buibui mjanja wa Afrika Magharibi ambaye kwa hila ni ndugu wa Sungura wetu. Alithamini hadithi za watu aliokulia kati yao. Hilo ndilo la kuiga kwake.

Ombi langu kwa wachoraji ni moja. Sura za mashujaa wa vita vya Majimaji msiziweke kwenye karata za kuchezea bila kuwauliza wajukuu wao. Wajerumani waliwanyonga wazee wetu hapa Songea tarehe 27 Februari 1906. Familia ya nduna Songea Mbano mpaka leo inaulizia fuvu lake, na Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipokuja kuomba radhi Novemba 2023 aliahidi kusaidia kulitafuta. Kidonda hicho bado kibichi. Ngao na mkuki ni vya Wangoni wote. Uso wa babu wa mtu una wenyewe.

Wenzangu wa stesheneri, zipokeeni kazi hizi kama mnavyopokea kadi za harusi. Wazazi, mkimkuta kijana mezani na mkasi na manila, kaeni naye, mwulizeni kila picha ameitoa wapi. Walimu, wapeni wanafunzi wachore karata za mkoa wao, wahesabu, wapime, wakate. Nami nitaendelea kuzichapa. Ila atakayeniletea tangazo la kutabiri nyota na kumtaja adui wa mtu, hilo sitalichapa kwa bei yoyote.