KUMFUNGIA SUNGURA BILA MAJANI NI DHULMA, TUSISINGIZIE KADARI



Sifa zote njema anastahiki Allaah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), jamaa zake na Swahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, kuna jambo tunaliona mitaani kwetu Buyenzi, na ndugu zetu wa Uvira na Kigali nao waangalie majumbani mwao. Mtoto hununuliwa sungura au simbilisi (yule ambaye wenzetu wa Kivu humwita dende) siku za Iddi au likizo ya shule. Mnyama hutiwa ndani ya sanduku la mbao, kisha hutupiwa makombo: ugali uliolala, mkate mkavu, jani la kabichi lililoanza kuoza. Baada ya wiki chache anakutwa amekufa, na baba humtuliza mtoto kwa kusema: "Ni kadari ya Mwenyezi Mungu."

Sisi tunasema: kadari tunaiamini, lakini haikuletwa ili tufunikie uzembe wetu.

Watoto wetu wote wa madrasa wanaijua Hadiyth ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka, nayo imepokewa na al-Bukhaariy na Muslim. Wanaisoma kwa ghibu. Lakini je, tumeizingatia? Mwanamke yule hakumpiga paka wala hakumchinja. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie katika ardhi. Kosa lake ni kumkata mnyama na riziki yake ya ardhini, kisha yeye mwenyewe asimletee riziki nyingine. Basi mwenye kufunga mlango wa kizimba amejitwika kazi ambayo ardhi ilikuwa ikiifanya. Na ardhi haimpi sungura ugali. Humpa nyasi.

Hatusemi kuwa kufuga ni haramu. Ndugu yake Anas bin Maalik, mtoto aliyeitwa Abu 'Umayr, alikuwa na kindege cha kuchezea, na Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) hakumkataza. Wanavyuoni wameitumia Hadiyth hiyo kuruhusu kufuga ndege, kwa sharti la kumtunza. Na katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, chakula cha mnyama ni wajibu wa mwenye naye. Akikataa, hulazimishwa mojawapo ya matatu: amlishe, amuuze, au amchinje ikiwa ni wa kuliwa. La nne, la kumwacha adhoofike sandukuni, halimo.

Sasa tuangalie alivyoumbwa. Meno ya sungura hayakomi kukua. Kwa mwaka mmoja hukua zaidi ya sentimita 10, na kinachoyasaga ni kutafuna nyasi saa nyingi za mchana na usiku. Tumbo lake nalo huendeshwa na nyuzinyuzi za nyasi. Asipokula kwa siku nzima matumbo husimama, na anaweza kufa. Ugali na mkate humjaza bila kumfaa. Ama simbilisi, yeye ni kama sisi wanadamu: mwili wake hautengenezi vitamini C. Akikosa majani mabichi hupatwa na kiseyeye, viungo vikavimba na fizi zikatoka damu. Mnyama huyo ana sahani iliyojaa pumba, na bado ana njaa.

Na dawa yake haina bei. Mabingobingo na nyasi za kawaida ndizo ziwe sehemu kubwa ya chakula, zipatikane mchana na usiku. Juu yake ongezeni matembele, majani ya mgomba, majani mabichi ya mahindi, kishona nguo kinachoota kila uwanja, na lengalenga kwa kiasi. Simbilisi apewe na kipande cha pilipili hoho. Chakula kipya kianze kidogo kidogo, maana kubadilisha ghafla huleta kuhara.

Lakini si kila jani ni chakula. Msiwape majani ya mparachichi, majani ya nyanya na ya viazi mviringo, sombe mbichi, mnyaa, mbono, wala vitunguu. Msikate nyasi kando ya barabara ya magari, wala bustani iliyopigwa dawa ya wadudu.

Banda nalo lina haki. Majani yatundikwe ukutani, yasilale juu ya mkojo. Mabaki yaliyolegea yaondolewe jioni. Maji safi yawepo daima. Mwenye uwanja atengeneze kizimba kisicho na sakafu, akihamishe juu ya nyasi mchana huku akilindwa dhidi ya jua, mbwa na paka. Mwenye chumba tu apande matembele ndani ya debe kuukuu.

Wapo watakaosema: "Watu wenyewe wana njaa, nyinyi mnahutubia sungura!" Tunawajibu: hatukuomba chakula cha watu. Tumeomba nyasi, na mwanadamu hali nyasi. Na asiyeweza hata hizo, hakulazimishwa kununua mnyama.

Wengine watasema: "Si wa kuchinjwa huyo?" Ndiyo, sungura ni halali, na Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipokea nyama yake. Lakini dini iliyotuamrisha kunoa kisu ili mnyama asiteseke dakika moja, itaridhia vipi ateseke miezi mitatu kabla ya kisu?

Enyi wazazi, mtoto anayeona mnyama akifa njaa na kuambiwa ni kadari, amefundishwa kwamba dhaifu aliye chini ya mkono wako hana haki. Kesho atakuwa na mke, watoto, na mfanyakazi wa ndani. Mpeni kisu kidogo na kikapu, afuate nyasi kila siku baada ya 'Asr. Hilo ni darasa ambalo sisi walimu hatuwezi kumfundisha ubaoni. Na kama hakuna nyumbani mwenu wa kuifanya kazi hiyo, muuzeni mnyama leo kwa anayeiweza.

Wabillaahi tawfiyq.