"Sijui" si "Hakuna"

Wapo mafundi wasemao kwamba mtu anayepanga mtandao wa kompyuta yake kwa mkono, badala ya kuiachia programu, asilalamike programu ikimwambia hana mtandao. Amejitakia, wanasema. Hoja hiyo naikataa katakata.

Tuchukue NetworkManager, programu iliyotolewa na kampuni ya Red Hat mwaka 2004 kwa kompyuta za Linux. Kazi yake ni kuunganisha mashine na mtandao bila kumsumbua mwenyewe, na kwa anayebeba kompyuta toka nyumbani hadi kazini ni msaada mkubwa, sibishi. Lakini kompyuta ya mezani isiyohama, fundi huiandikia anwani yake katika faili mara moja, basi. Katika Debian, njia ya mtandao iliyoandikwa hivyo programu hii huiacha bila kuigusa. Vyema. Ila ilipoulizwa hali ya mtandao, ilijibu kuwa kompyuta haijaunganishwa! Waya umechomekwa, data zinapita, na yenyewe imeshikilia kuwa hakuna kitu.

Na laiti lingekuwa suala la alama tu pembeni mwa kioo. Firefox 3, iliyotoka mwaka 2008, iliuliza, ikapewa jibu hilo, ikajifungia isitafute ukurasa wowote. Hata kujaribu haikujaribu. Pidgin, programu ya kuandikiana ujumbe, ilikaa ikisubiri mtandao uliokuwapo tayari. Mtumiaji asiyejua undani huo huhangaika na waya, kisha humwita fundi na kumlipa kwa ugonjwa usiokuwapo.

Nimefundisha walimu miaka mingi, na rejista naijua. Mwalimu ambaye darasa si lake hana haki ya kuandika kwamba watoto hawapo, eti kwa kuwa yeye hakuwaita majina. Aache nafasi wazi. Tena maelezo ya NetworkManager yenyewe yanaitaja hali ya "haijulikani", na yanaziagiza programu nyingine zikipewa jibu hilo zichukulie kwamba huenda intaneti ipo, zisizime chochote. Neno lipo, basi. Kwa nini lisitumike kwa njia ambayo programu haiisimamii?

Nitajibiwa kwamba dawa ilipatikana. Naam, Firefox iliwekewa namna ya kuizuia isiisikilize NetworkManager, lakini ndani ya about:config, ukurasa usiotajwa katika menyu yoyote. Mwalimu wa shule ya msingi angeujuaje, na intaneti ya kuulizia ndiyo hiyo aliyofungiwa?